Gego Linalocheza kwa Mtoto wa Miaka Mitano

Hotuba kwa matabibu, wauguzi, matabibu wa meno na wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, jijini Mwanza

Mwangaluka!

Ndugu matabibu, wauguzi, wenzangu wa meno, wahudumu wa afya wa vijijini na mitaani, na ninyi wazee mlioitikia wito: ahsanteni sana kwa kuja. Najua wapo waliovuka maji tangu alfajiri kutoka Ukerewe, na wapo walioacha zahanati mikononi mwa mtu mmoja. Kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Nataka tuzungumze juu ya saratani ya tezi, ile ambayo hospitalini tunaiita limfoma, na hasa juu ya tabia yake moja. Inapoanzia kichwani au shingoni, mara nyingi haiji na sura ya tezi. Huja na sura ya jino bovu, ya jicho lililovimba, ya mafindofindo, ya mafua yasiyokwisha, ya matubwitubwi, ya rovu. Mtu wa kwanza kuiona huwa hana habari na saratani kabisa: ni anayeng'oa meno, ni muuzaji wa duka la dawa, ni bibi anayemwogesha mjukuu, ni ninyi mliokaa humu. Nami naamini, kwa haya ninayoyaona kila juma, kwamba anachokifanya huyo mtu wa kwanza katika wiki mbili za mwanzo kinaamua uhai wa mgonjwa kuliko tunachokifanya sisi wa hospitali ya rufaa, Mwanza mjini, baada ya miezi mitatu.

Nianze na mwili, kwa ufupi. Mnazijua chembe nyeupe za damu, zile ambazo kliniki za VVU tumezoea kuziita askari wa mwili. Kundi lake moja huitwa limfosaiti. Limfoma ni saratani ya hizo limfosaiti. Sasa, limfosaiti hazikai kwenye tezi za shingo, kwapa na kinena peke yake. Zimejaa kwenye mafindofindo, kwenye shina la ulimi, juu kabisa ya koo nyuma ya pua, kwenye tezi za mate, hata pembeni mwa jicho. Ndiyo maana limfoma inaweza kuota mahali ambapo hakuna anayeiwazia. Ukiondoa tumbo na utumbo, hakuna sehemu ya mwili ambako limfoma huanzia nje ya tezi mara nyingi kama kichwani na shingoni.

Historia ya ugonjwa huu kwa watoto imeandikwa pembezoni mwa ziwa letu hili, na napenda kila anayefanya kazi ya afya huku aijue.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwapo daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, mtu aliyepoteza jicho moja utotoni. Mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya: juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuelewa. Usaha wa jino huvimbisha upande mmoja. Hauvimbishi pembe zote nne kwa mpigo. Majuma machache baadaye alikuwa ziarani Jinja, pale mto Nile unapotokea ziwani. Akatazama nje kupitia dirisha la hospitali, akamwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Akatoka kumpima, na alipompapasa tumbo akakuta uvimbe humo pia. Tangu hapo akaacha kuutazama kama ugonjwa wa taya. Alirudi Mulago akapekua mafaili ya watoto, na kile ambacho kila idara ilikuwa imekiandika kwa jina lake, taya huku, figo kule, jicho kwingine, kikaonekana kuwa kitu kimoja. Aliandika matokeo yake mwaka 1958, na baadaye ugonjwa ukaitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt.

Hakuishia hapo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakaendesha kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, kilomita zipatazo 16,000, wakipita hospitali kwa hospitali na picha mkononi, wakiuliza: watoto wa namna hii mnawaona? Majibu yalichora ramani. Kwenye joto na mvua nyingi, ndiyo. Kwenye baridi ya milimani, hapana. Katika maeneo yetu ya ikweta, ukipanda juu ya mita 1,500 hivi, ugonjwa unatoweka. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Sisi sote hapa, Mwanza, Mara, Geita, Simiyu, Kagera, pwani yote ya ziwa, tunaishi chini ya mstari ule.

Baadaye sababu zilianza kueleweka. Burkitt alipeleka vipande vya uvimbe London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kwamba wamekuta kirusi ndani ya chembe zake. Ndicho kirusi tunachokiita Epstein-Barr. Karibu kila mtoto wetu hukipata angali mdogo na wala haonyeshi dalili ya maana. Tofauti inaletwa na malaria inayompata mtoto tena na tena: inazilazimisha limfosaiti kuzaliana bila kupumzika, na inadhoofisha ulinzi uliokuwa ukikishikilia kile kirusi. Katika kuzaliana huko siku moja kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya chembe, hukatika na kuunganishwa vibaya, kwa kawaida namba 8 na namba 14, na chembe moja ikapoteza breki zake. Kwa hiyo chandarua unachokigawa Buchosa ni kinga dhidi ya homa, na kwa kiasi fulani ni kinga dhidi ya saratani hii pia. Waambieni akina mama hivyo. Wana haki ya kujua.

Sasa nije kwenye gego, maana hapo ndipo ninapotaka tukae.

Meno ya utoto yana ratiba. Ya mbele huanza kucheza mtoto akifikisha miaka sita au saba. Magego ya utoto husubiri. Hung'oka kati ya miaka tisa na kumi na miwili. Basi mtoto wa miaka minne, mitano, sita, ambaye gego lake linacheza, na jino lenyewe halina tundu, jeupe kabisa, huyo hajafikia umri wa kung'oka gego. Kuna kitu chini ya jino hilo kinalisukuma. Anaweza kuwa na meno mawili matatu yanayocheza upande mmoja, yamepinda, yamesogea, mengine yameelea juu ya ufizi uliovimba. Ukiwa na mashine ya eksirei, tazama ule mstari mwembamba mweupe unaozunguka mzizi wa jino. Kwenye ugonjwa huu mara nyingi mstari huo unafutika kabla hata shavu halijavimba vizuri.

Na mambo huenda namna hii, nayasema bila jina la mtu wala la kijiji. Mama anaona gego linacheza. Anampeleka mtoto kwa mng'oaji, jino linatoka bila shida yoyote, na urahisi huo ungepaswa kutushtua. Tundu halifungi. Siku ya tano panaota nyama. Anapewa amoksilini na metronidazo. Wiki ya pili jino la jirani linacheza, nalo linang'olewa. Shavu limevimba, mtoto haumwi sana, anacheza, anakula, na kwa sababu haumwi watu wanapata subira. Anapewa dawa nyingine, ya sindano. Nyumbani wanasema ametupiwa kitu. Shavu linachanjwa chale. Wiki ya nne jicho la upande ule limeanza kutoka nje. Anapofika kwetu miguu haina nguvu, kwa sababu uvimbe umeshafika kwenye uti wa mgongo. Chembe za uvimbe huu zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote zinazompata binadamu. Wiki nne kwenye ugonjwa wa namna hii ni umri mzima.

Na hapa ndipo panapouma: saratani hii inatibika. Kasi ile ile inayoifanya iue haraka ndiyo inayoifanya isikie dawa, kwa sababu dawa hizi huzipiga chembe zinazogawanyika. Kwenye nchi tajiri karibu watoto tisa kati ya kumi wenye limfoma ya Burkitt wanapona. Kwetu Afrika tuko chini sana ya hapo, na sehemu kubwa ya pengo hilo ni muda tunaoupoteza kabla ya dawa ya kwanza, na dozi ambazo mtoto hazimalizi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu wa meno: mtoto wa chini ya miaka tisa mwenye gego zima linalocheza, usiling'oe ukamruhusu kwenda nyumbani. Mfungue shati umpapase tumbo. Mtazame macho yote mawili kwa pamoja, ukisimama nyuma yake na kumwangalia kutoka juu ya kichwa. Jicho lililosukumwa mbele litaonekana. Mwambie atembee. Kisha muandikie rufaa siku ile ile. Hakuna sababu ya kumjaribu kwa antibiotiki.

Akiletwa mtoto ambaye shida ni jicho peke yake, yapo magonjwa mengine ya kufikiria. Mboni yenye weupe ndani, hiyo ni saratani nyingine, ya kioo cha nyuma ya jicho, na ni dharura vilevile. Jicho jekundu lenye maumivu makali na homa kali linaweza kuwa maambukizi. Lakini jicho linalotoka nje taratibu bila maumivu, na meno ya juu upande huo huo yanacheza, msihangaike kutafuta jina. Mleteni.

Nikija kwa watu wazima, sura za ugonjwa ni nyingi na nitazipitia kwa haraka, isipokuwa mbili tatu.

Inayoongoza ni findo. Mafindofindo ya kawaida, yale watu wanayaita tonsesi, huvimba pande zote mbili, yanauma, yanaleta homa, yanapita. Findo moja lililokua peke yake kwa mtu wa miaka hamsini, haliumi, linamkoromesha usiku na kuizibia sauti, hilo lihesabiwe kuwa lina sababu nyingine mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tatizo letu huku ni kwamba mtu mwenye kitu kooni anaambiwa ana kimeo kirefu, na kimeo kinakatwa. Naomba nilisemee hili kwa uzito wote. Kukata kimeo hakuponyi kikohozi, hakuponyi kukosa pumzi, hakuponyi kitu chochote ambacho watu hukikatia. Nimeona damu iliyokataa kusimama, nimeona usaha ulioteremka hadi kifuani. Na nimeona watu wenye limfoma ya findo ambao kimeo chao kilikwisha kukatwa, wakakaa miezi wakisubiri kidonda kipone ndipo waende hospitali. Wazee mlio hapa, mnaheshimika kwenye kaya zenu kuliko daktari yeyote. Neno lenu moja kwenye hili litafanya kazi kubwa.

Kuna pua. Mafua ya kawaida hayachagui tundu moja. Tundu moja likiziba kwa wiki kadhaa, likatoa majimaji yenye damu na harufu mbaya, na paa la kinywa likaanza kuchimbika hadi chakula kinatokea puani, hiyo inaweza kuwa aina ya limfoma inayohusiana na kile kirusi cha Epstein-Barr. Ni nadra huku kuliko Asia ya Mashariki au Amerika ya Kusini. Ubaya wake ni kwamba inaua nyama inayoizunguka, na kipande ukikichukua juu juu maabara itajibu kuwa ni nyama mfu tu. Jibu la namna hiyo lisikuridhishe. Kipande kichukuliwe tena, kwa kina, pembeni mwa kidonda.

Kuna ufizi. Mtu anayeishi na VVU, wakati mwingine hajui bado kama anavyo, anaota nyama kwenye ufizi ndani ya wiki chache, inavuja damu akipiga mswaki. Ipo limfoma ya kinywani iliyotambuliwa rasmi mwaka 1997 kwa wagonjwa wa namna hii hasa. Nyama ya ufizi iliyokua haraka ni sababu ya kumpima mtu VVU, na mwenye VVU aliyeota nyama hiyo ana sababu ya kuchukuliwa kipande. Mambo hayo mawili yaende pamoja.

Kuna ganzi ya kidevu. Hii naipenda kuwafundisha wanafunzi kwa sababu ni ndogo mno na inasema mengi mno. Mtu anakuja anasema nusu ya mdomo wa chini na kidevu imekufa ganzi, haisikii wembe wakati wa kunyoa. Hajang'olewa jino, hajapigwa, meno ni mazima. Neva inayopita ndani ya taya la chini imebanwa au imevamiwa na kitu. Kati ya sababu zake, limfoma iko juu, na saratani zilizosambaa kutoka kwingine ziko juu. Msimpe vitamini mkamrudisha nyumbani.

Matubwitubwi ni ya siku chache. Hata yakizidi, siku kumi. Uvimbe wa chini ya sikio uliokaa mwezi sio matubwitubwi. Mtu mwenye VVU anaweza kuvimba pande zote mbili kwa vifuko vya maji visivyo saratani, lakini upande mmoja unaoendelea kukua, mgumu, unahitaji kupimwa. Mama mtu mzima mwenye rovu la miaka mingi ambalo ghafla limekua ndani ya wiki mbili tatu, sauti imekauka, kulala chali hawezi: huyo anaweza kuwa na limfoma ya tezi hiyo hiyo ya rovu, na kujua hivyo mapema kunaweza kumwepusha na operesheni kubwa asiyoihitaji, kwa kuwa limfoma hutibiwa kwa dawa na mionzi. Na kile kinyama chenye rangi ya waridi iliyopauka kinachojificha chini ya kope, hakiumi, hakiwashi, kila mtu anasema ni kinyama cha vumbi na jua. Inueni kope, mkitazame.

Sasa tuje kwenye tezi zenyewe, mitoki ya shingoni, na kifua kikuu.

Kifua kikuu ni kingi huku kwetu na kinavimbisha tezi za shingo. Hilo ni kweli na hakuna anayelipinga. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda: kifua kikuu kinafanya hivyo, limfoma inafanya hivyo hivyo. Vitabu vinasema tezi za kifua kikuu hushikamana, hulainika na kutoa usaha, na za limfoma hubaki moja moja, zinateleza chini ya kidole, hazina maumivu. Ukizishika nyingi utakuta vitabu vina ukweli mara nyingi, na utakuta pia zile zilizokataa kufuata kitabu. Kidole hakitoshi. Ninayempokea mara nyingi ni kijana aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kuangaliwa shingo tu, makohozi hayana vimelea, tezi haikuguswa na sindano. Mwezi wa pili tezi imekua, anaambiwa avumilie. Mwezi wa nne zimekuwa tatu, anaambiwa amekuwa hanywi dawa vizuri. Kijana huyo alikuwa anakunywa kila siku. Nawaomba, kabla ya kumtuhumu mgonjwa, itilieni shaka ile hukumu ya mwanzo.

Ni kweli kwamba tezi ya kifua kikuu inaweza kuvimba kwa muda hata dawa zikifanya kazi, hasa kwa mtu aliyeanza ARV karibuni. Ndiyo sababu nasema kipande kichukuliwe. Maabara itamaliza ubishi. Na mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi ni dawa za steroidi. Predinisoloni na deksamethasoni zinauzwa kaunta kwa kaunta. Mtu ana uvimbe, anapewa, uvimbe unanywea ndani ya siku tatu, kila mtu anashukuru Mungu. Dawa hizi huua limfosaiti, za saratani zikiwamo, kwa muda. Ukichukua kipande wakati huo, mtaalamu wa patholojia, yule anayekisoma kipande kwa darubini, anaweza asione chochote cha kuandika. Baada ya mwezi uvimbe unarudi, mkubwa zaidi, na sasa mgonjwa ana karatasi mkononi inayosema hana saratani. Uvimbe ulionywea kwa predinisoloni na kurudi ni dalili ya hatari, uandikeni hivyo kwenye rufaa. Isipokuwa mtu anakosa pumzi na mnaokoa maisha yake njiani, steroidi isitangulie kipande. Wenye maduka ya dawa, nimefurahi kuwaona humu. Hili ni lenu kwa namna ya pekee.

Utaratibu ninaouomba kila kituo ni huu. Uvimbe wowote wa kichwani au shingoni mnaoutibu kwa antibiotiki, andikeni tarehe kwenye daftari na kwenye kadi ya mgonjwa, pimeni upana wake kwa rula, sentimita ngapi, andikeni. Dozi moja. Wiki mbili. Siku hiyo ikifika na uvimbe haujapungua, hakuna dozi ya pili wala kubadilisha dawa. Ni rufaa ya kuchukuliwa kipande. Kwa mtoto mwenye taya au jicho nimeshasema: siku ile ile. Neno "unaendelea vizuri" lisiandikwe bila sentimita. Nimesoma mafaili yenye "anaendelea vizuri" mara nne mfululizo, na uvimbe uliokuwa unakua kurasa zote nne.

Kwa vituo vyenye daktari anayeweza kutoa tezi: toeni tezi nzima, ile kubwa zaidi ya shingoni, sio ya kinena ambayo huvimba kwa vidonda vya miguuni tu. Sindano nyembamba inasaidia sana kutenganisha mambo kwa haraka, na kwa mtoto mwenye taya lililovimba inaweza kutupa jibu siku hiyo hiyo, lakini kuitaja aina ya limfoma mara nyingi kunahitaji tezi nzima. Kipande kiingie kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kipande. Kisiingie kwenye spiriti, wala kwenye maji ya chumvi. Chombo kiwe na mdomo mpana, kwa sababu nyama ikikaa kwenye formalini inakuwa ngumu. Iliyopita kwa kusukumwa kwenye mdomo mwembamba, kutoka haitatoka. Jina, umri, sehemu ilipotolewa, tarehe, na dawa alizokunywa. Kipande kilichofika bila maelezo kinamfunga macho mtaalamu wa patholojia.

Nimalizie na matibabu, kwa sababu ninyi ndio mnaoulizwa kijijini. Mtoto wa Burkitt akifika mapema, huwekewa maji mengi ya dripu kwanza na dawa ya kulinda figo, maana uvimbe unapoyeyuka kwa kasi mabaki yake huweza kuziziba figo. Kisha dawa ya saratani iitwayo sikilofosfamaidi na dawa nyingine pamoja nayo, nyingine zikichomwa uti wa mgongo. Ndani ya juma moja shavu linaweza kurudi kama lilivyokuwa. Mama analia kwa furaha, sisi tunafurahi, na hapo ndipo hatari ya pili inapoanza. Mtoto amepona machoni pa kila mtu. Nyumbani kuna watoto wengine, kuna mpunga, nauli imekwisha, baba anauliza wanangoja nini huko. Wanaondoka baada ya dozi ya kwanza au ya pili. Uvimbe unarudi, na mara hii unasikia dawa kidogo sana.

Hapo ndipo mhudumu wa jamii anapofanya kazi ambayo mimi siwezi kuifanya. Nenda kwenye kaya ile kabla hawajasafiri. Zungumza na baba, na babu kama ndiye mwenye neno. Waambie tangu mwanzo kwamba shavu litapona kabla ya mtoto hajapona. Waambie nywele zitatoka na zitaota tena. Hospitali za rufaa zina afisa ustawi wa jamii. Familia isiyo na uwezo ikaonane naye siku ya kwanza, isisubiri mpaka bili ifike, na wabebe barua ya mtendaji wa kijiji. Mtu wa Sengerema na Geita sasa ana daraja la Kigongo–Busisi, safari ya rufaa haipangwi tena kwa saa za kivuko. Wa visiwani bado wana kivuko, na ndio maana nawaomba wa visiwani msimpe mgonjwa tarehe ya kurudi kana kwamba anakaa Igoma, hapa hapa mjini. Mkishuku, mtoeni na chombo kinachoondoka siku hiyo.

Tutachukua maswali sasa. Wakati huo huo, kule meza ya nyuma kuna vyombo vyenye mdomo mpana vilivyokwisha kutiwa formalini, rula, na fomu za rufaa zenye sehemu ya kuandika tarehe na sentimita. Kila kituo kichukue vyake na kuweka sahihi. Wa Ukerewe na Ukara waanze, wana safari.